Mpwa wangu amekata jina la baba kwenye wimbo

Kwako Shangazi,

Assalaam aleikum. Mimi ni mama wa miaka 53, mkazi wa Langoni, Lamu. Chini ya kitanda changu pana mikanda 23 ya kaseti, na mpwa wangu anakuja Idi kuichukua. Sijui nimpe au nimnyime.

Mikanda ni ya marehemu baba. Mchana alikuwa seremala wa milango, usiku mpiga udi, ile ala ya nyuzi. Nje ya Lamu mjini labda Shela na Matondoni walimjua, kwa kuwa walimwita harusini. Studio hakuingia hata siku moja. Ujira wake ulikuwa sahani ya halua na ahadi, na ahadi nyingine mpaka leo hazijalipwa. Mama alinung'unika, lakini kila wimbo mpya yeye ndiye aliyeusikia wa kwanza, akimenya vitunguu.

Alitunga nyuma ya risiti za mbao. Mizani aliihesabu kwa kugonga patasi mezani: nane, anatua, nane tena. Ubeti mishororo mitatu, na kina kikimkataa, mlango wa mtu ulilala siku nzima. (Nadhani ndiyo maana tulikula mihogo sana.) Alirekodi kwa redio ya betri iliyowekwa juu ya mto wa kulalia. Mle ndani mna tari, dumbaki, vigelegele na punda analia kichochoroni. Mkanda mmoja adhana inamkuta katikati ya wimbo, ananyamaza, redio inaachwa ikizunguka, unamsikia akikohoa na kuomba maji. Huo siwezi kuusikiliza mpaka mwisho.

Mpwa wangu, mwana wa dadangu, yuko Mombasa. Katika wajukuu wote ndiye pekee aliyeshika udi. Mwaka jana nikampa mkanda mmoja. Akaurudia wimbo kwa kinanda na ngoma za kompyuta, na wallahi sauti ni ya babu yake. Ila baba aliimba hivi:

*Yamekesha yangu mato, kifua chawaka moto*

Yeye anaimba "macho", si "mato" yetu ya Kiamu. Kina kimekufa hapo hapo! Nilipomuuliza akacheka: "Mamkubwa, watu wa bara wakisikia 'mato' watadhani ni jina la mtu." Na ubeti wa mwisho, ambao baba alijitaja kama desturi ya watunzi wetu, ameukata, eti wimbo mrefu. Kule YouTube ameandika jina lake peke yake, na watu wanampongeza kwa utunzi.

Jirani ameniambia sheria ya Kenya inalinda kazi ya mtunzi miaka 50 baada ya kufa kwake, na haki ni ya warithi. Sawa, lakini nimpeleke mahakamani kijana niliyemwogesha mwenyewe? Dadangu naye asema nina wivu.

Na mikanda haingoji. Hewa hii ya chumvi imeitia ukungu. Miwili imekatika nilipokuwa nikiizungusha kwa kalamu. Nikimnyima, itaozea hapa nami nikiitazama.

Nimefikiria kumpa kwa sharti: "mato" yabaki mato, ubeti wa mwisho uimbwe, na jina la babu yake liandikwe. Namjua, hatanikatalia usoni. Ataitikia "ndiyo Mamkubwa", anibusu mkono, kisha akifika Mombasa afanye atakavyo.

Nifanyeje, Shangazi?

Binti wa Fundi, Lamu