Majini kibao kitabuni ila watu hakuna

Mhariri, naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua niongelee hii riwaya ya majini ambayo vijana wanaazimana sana saa hizi. Jina la kitabu sitalitaja maana mwandishi bado kijana na sitaki kumkatisha tamaa, ila nimeisoma yote na kuna kitu kinaniuma.

Humo ndani kila kitu kipo, yaani kuna jini mahaba, popobawa (lile lenye mabawa linalosemekana huwaingilia watu usiku kwa nguvu), kibwengo, mzimu, mchawi anaruka na ungo, na kila sura lazima afe mtu. Lakini ukifika nusu huogopi tena, jini linatokea, linatisha, linapotea, linakuja lingine kubwa zaidi, mganga anafukiza ubani basi sura imeisha. Kwa nini limemfuata yule dada wa kwenye hadithi na siyo jirani yake? Linataka nini kwake? Na dada mwenyewe ukiniuliza anapenda nini, anagombana na nani nyumbani, mama yake yuko wapi, sina jibu, kazi yake ni kupiga mayowe na kukimbia tu.

Mbona wazee wetu walishatuonyesha njia jamani. Chukua Nunda mla watu, hadithi ambayo mmisionari Mwingereza Edward Steere aliichapisha mwaka 1870 pamoja na nyingine alizokusanya Unguja. Nunda anaanza kama paka tu wa sultani. Anakula kuku wa watu, watu wanaenda kushtaki, sultani anawaambia paka ni wake na kuku ni wake, paka anahamia kwa mbuzi, ng'ombe, mpaka watu, na jibu ni lile lile, mpaka siku anakula watoto wa sultani mwenyewe ndo baba mtu anashtuka kwamba huyu siyo paka tena. Mimi hapo naogopa kweli, maana lile dude limelelewa na mkubwa asiyetaka kusikiliza watu wake. Au Shaaban Robert kwenye Adili na Nduguze, Adili anawachapa viboko usiku manyani wawili ambao ni ndugu zake wa damu waliogeuzwa, jini ndo limeamuru hivyo, na anawachapa huku roho inamuuma maana bado anawapenda pamoja na ubaya wote waliomfanyia. Jini lenyewe wala halikai sana kwenye stori, ila uchungu wa Adili unabaki na wewe ukishafunga kitabu.

Popobawa ndo limenisikitisha zaidi. Kitabuni linaruka juu ya Dar linavunja vioo vya daladala kama kwenye sinema. Waliokuwepo Unguja na Pemba mwaka 1995 wanajua hofu ile ilikuwaje, watu walikuwa wanalala nje kwa makundi, moto umewashwa, mtu hathubutu kulala chumbani kwake, na ilisemwa likikutokea usipowasimulia wenzako litakurudia. Hebu fikiria mtu mzima anayeheshimika mtaani, limemfika jambo la aibu vile, halafu asubuhi inabidi alitangaze mbele ya majirani, na huo huo ulikuwa mwaka wa uchaguzi wa vyama vingi, watu wenyewe washaanza kuogopana. Mwandishi mzuri angekaa na huyo mtu mmoja kurasa hamsini, na mabawa tusingeyaulizia.

Jini mahaba nalo hivyo hivyo, kwa imani za huku kwetu pwani linaingia kwenye ndoa, mwanamke anamchukia mumewe bila sababu, mtoto hapatikani, mawifi wanaanza maneno, lawama zote anabebeshwa yeye. Sasa kwenye kitabu linakuja na kucha ndefu tu.

Lugha kijana anayo, ule ukurasa wa mvua pale bandarini Tanga niliurudia kuusoma, ndo maana nimeandika. Na nyie wahariri mnaochapa hadithi za kuendelea, mkiletewa stori ya majini muulizeni mwandishi hilo jini lina shida gani na huyu mtu, asipoweza kuwajibu mrudishieni akaifikirie kwanza. Nasikia sehemu ya pili inaandikwa. Namuomba abakishe jini moja tu, yule dada aolewe, wapewe chumba cha kupanga, na mama mkwe awe anaishi nyumba ya pili.

Msomaji wenu,
Tanga