Rufaa ya Kevo

Nairobi, Jumapili usiku

Rehema mpenzi,

Shikamoo kwa mama, wengine wote salamu. Huku hatujambo, mvua haikomi na stima zimerudi jioni hii. Najua nimekunyamazia tangu harusi ya Chiku na una haki ya kuninunia. Ninunie baadaye. Kwa sasa nakuhitaji, maana wewe ndiye uliyekaa miaka yote ile katika ofisi ya msajili kabla hujatukimbia na kwenda Mombasa.

Ni Kevo. Orodha ya muda ya mahafali imebandikwa na jina lake halimo. Somo ni moja tu, takwimu za mwaka wa tatu. Muhula mzima tovuti ya wanafunzi ilionyesha kistari mahali pa maksi, idarani wakimwambia asubiri, zitaingizwa. Sasa kistari kimegeuka sifuri, na kando yake wameandika kwamba hakufanya mtihani. Alifanya, Rehema! Kadi ya mtihani anayo, imepigwa muhuri, na orodha ya mahudhurio aliitia sahihi mbele ya msimamizi. Mwalimu mwenyewe alikuwa wa muda. Inasemekana aliondoka akidai malipo yake, na karatasi za majibu hakuna anayejua ziko wapi.

Nilimsindikiza idarani. Karani alitufungulia daftari kubwa la malalamiko: jina, nambari ya usajili, somo, tarehe, halafu safu ya mwisho, “hatua iliyochukuliwa”. Ukurasa mzima safu hiyo ilikuwa tupu. Kevo akaandika jina lake chini ya wenzake, nami nikauliza daftari hilo humfikia nani. Karani akacheka, si kwa ubaya, akasema, “Humfikia atakayekuja kuuliza.”

Basi ni rufaa. Na hapo ndipo ugomvi wa nyumbani ulipoanza, kwa sababu Kevo aliandika kurasa tatu za machozi: kifo cha baba, deni la HELB, ule mkopo wa serikali wa masomo, mama na presha yake. Yote ni kweli, lakini nimemwambia ayaondoe. Ukiomba huruma, wana ruhusa ya kukunyima. Ukiuliza orodha ya mahudhurio iko wapi, inabidi mtu ajibu. Baba mdogo anasema mimi sina adabu, wakubwa hubembelezwa. Baraka naye, unamjua, anataka “tumwone mtu”. Nimekataa. Kevo akikamatwa nalo hilo, kesi ya maksi itageuka kesi ya hongo, na hapo atakuwa amewapa sababu waliyokuwa hawana.

Nimesoma kanuni zao na nyingine kadhaa, na naona vyuo vinafanana. Kusema “nilistahili B, nikapewa D” hakukufikishi mbali, maana hukumu ya mtahini hawaifungui. Kinachosikilizwa ni utaratibu: maksi zilijumlishwa vibaya, karatasi ilipotea, kulikuwa na upendeleo, au uliugua na una barua ya daktari. Binti ya Otis aliyeko Leeds, Uingereza, ananiambia kwao ni hivyo hivyo. Tofauti ni kwamba chuo kikimalizana nawe, kinakupa barua rasmi ya kusema shauri limefungwa, nawe una miezi 12 kulipeleka kwa OIA, chombo kilicho nje ya chuo, bila malipo kwa mwanafunzi. Hata hao OIA hawagusi uamuzi wa kitaaluma. Lakini shida ya Kevo si ya kitaaluma hata kidogo. Hakuna aliyesahihisha kitu, sasa hukumu ya mtahini inatoka wapi?

Kinachonikera ni kwamba rufaa inaanzia kwa watu walewale walioandika ile sifuri. Halafu huwezi kuwaruka. Sheria ya Hatua za Haki za Kiutawala ya 2015 inataka njia za ndani ziishe kwanza ndipo Mahakama Kuu iingie, isipokuwa mahakama yenyewe ikuruhusu. Mahakama sitaki, pesa za wakili tutatoa wapi? Ila Kifungu cha 47 cha Katiba kinampa haki ya sababu kwa maandishi, na chuo hiki ni cha umma, kwa hivyo nakala ya orodha ya mahudhurio anaweza kuiomba kwa Sheria ya Kupata Habari ya 2016. Wana siku 21 za kujibu. Wakinyamaza, Ombudsman, ile ofisi ya malalamiko ya umma, wako hapo Waiyaki Way na hawatozi kitu. Tatizo ni kalenda. Seneti ya chuo ikikaa kupitisha orodha ya mahafali kabla ya siku hizo 21 kwisha, je? Nikifika hapo usingizi unapaa.

Rasimu yangu nimeiambatisha, ukurasa mmoja. Sikuombi uongee na mtu yeyote wa zamani, tafadhali usiongee. Isome tu kwa jicho lako la meza ile. Aandikie mwenyekiti wa idara au aende moja kwa moja kwa mkuu wa kitivo? Nakala kwa msajili siku hiyo hiyo itawaudhi, au ndiyo itakayowaamsha? Ombi la orodha ya mahudhurio liwe ndani ya rufaa ama barua yake? Nani hasa hupiga muhuri wa “imepokelewa”, maana karani yule alisema tumwachie tu mezani? Na majina huongezwa kweli baada ya Seneti kupitisha orodha, au hiyo ni hadithi ya kutuliza wazazi?

Na wewe? Goti la mama limepoa? Salim bado ana mpango ule wa boti, au umemshinda?

Nijibu hata kwa ujumbe wa sauti, ila iwe kabla ya Alhamisi. Kevo anapeleka barua Ijumaa asubuhi, na mchana kupata mtu ofisini ni bahati nasibu.

Wako,
Nekesa