Maji yana mwenyewe, ukuta hauna

Mhariri,

Nimeendesha katapila miaka 31, na mabwawa ya udongo niliyoshindilia humu Bonde la Ufa siwezi kuyahesabu. Hili lililo juu ya kijiji chetu cha Subukia si kazi yangu, lakini nalijua vizuri. Zamani lilikuwa la kunyweshea ng'ombe. Mzee alipofariki wanawe wakagawana shamba, mmoja akauza sehemu yake, na mnunuzi akaleta mashua mbili, tilapia na vibanda vya nyama choma. Jumapili hapatoshi.

Juma lililopita nilishuka chini ya tuta. Pana mahali pamelowa hata wakati huu wa kiangazi. Kulowa si hoja, ukuta wa udongo sharti utoe jasho. Nilikinga yale maji kwenye chupa ya soda, nikaiweka dirishani. Asubuhi nikakuta tope limetuama, unene wa kidole. Yakitoka meupe, kalale. Yakitoka na tope, ujue yanachimba tumbo la ukuta.

Kwenye mlango wa maji ya ziada, ule tuliozoea kuuita spilwei, wametia wavu ili samaki wasitoroke. Magugu yameuziba, mkono haupenyi. Mvua kubwa ikija maji yatapanda juu ya tuta, na udongo ukishapandwa na maji hauna muda. Huko Johnstown, Marekani, mwaka 1889, bwawa la klabu ya matajiri wavuvi lilikuwa na wavu wa namna hiyohiyo. Tuta nalo walikuwa wamelipunguza kimo ili magari ya farasi yapite. Likapasuka, wakafa watu zaidi ya 2,200, na mahakama haikumtoza mwanachama yeyote hata senti. Lakini ya nini kwenda mbali? Solai ni jirani zetu. Usiku wa Mei 9, 2018 bwawa lao lilipasuka, tukazika zaidi ya 40.

Nilimwendea mwenye mashua. Akasema ukuta umeangukia kipande cha ndugu wa aliyemuuzia. Huyo ndugu naye akaniambia ukuta ni wa anayekula faida. Kwa chifu nikaambiwa maji ni ya serikali, na kweli Sheria ya Maji ya 2016 inasema hivyo. Basi maji yana mwenyewe, tilapia wana mwenyewe, ukuta ni yatima.

Naomba Mamlaka ya Rasilimali za Maji itume mhandisi kabla ya masika, na jina la mwenye kuubeba ukuta liandikwe kwenye kibali, si la kampuni, la mtu. Wavu utolewe leo. Ile mikaratusi waliyopanda juu ya tuta kwa ajili ya kivuli, wasiing'oe kwa pupa, maana mizizi ikitoka huacha mashimo, wamngoje mhandisi.

Chupa ningali nayo dirishani.

Dereva mstaafu,
Subukia, Nakuru