Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Tanga

Ndugu wanachama,

Chama chetu kinapima jinsi panya dume anavyokojoa na uume wake unavyosimama. Mafunzo ya kushika panya, zamu za kusafisha vizimba na ziara ya msitu wa Amani vilifanyika kama mnavyojua. Wanachama ni 41, waliolipa ada 17, mikutano minne, miwili ilikosa akidi. Wanaolalamikia matumizi kwa sauti kubwa ni walewale ambao mhazini anawadai tangu mwaka juzi.

Sasa transmita, kifaa kidogo kinachopima shinikizo ndani ya mwili na kurusha vipimo bila waya. Inasemwa mwenyekiti amemaliza akiba kwa kununua kidude hicho cha kumpandikizia panya ilhali katheta, yaani mirija ya kuingiza mwilini, tunazo. Tunazo, ndiyo. Lakini panya mkubwa hutoa mkojo kama mililita 10 hadi 15 kwa siku, yaani karibu nusu mililita kwa saa, nasi kwa katheta ya kibofu tulikuwa tukisukuma maji mililita 6 kwa saa. Kibofu kinachofurishwa hivyo hakituonyeshi desturi yake. Tena panya huutafuna mpira wa katheta, na ukikaa sana chumvi za mkojo huganda kwenye ncha na kuwa vijiwe. Kusimama kwa uume ndiko tulikuwa hatupimi kabisa, ila kwa kumlaza panya chali na kumbana.

Transmita hukaa tumboni. Mrija wake mwembamba hupita chini ya ngozi hadi kwenye shina la uume, ndani ya tishu ya sponji inayozunguka njia ya mkojo. Panya akikojoa, shinikizo hupanda na kushuka kwa vipigo vya haraka. Uume ukisimama, shinikizo hupanda na kubaki juu, kisha misuli ikibana hutokea vilele virefu. Kifaa kimoja, kazi mbili, usiku kucha, na panya anatembea atakako. Pendekezo hilo lilikuwa langu na silikani.

Michoro ya mwanzo ya shinikizo iliyochekwa ilikuwa na sababu: resiva, yaani kipokezi cha vipimo vya transmita, iliwekwa isome mara 10 kwa sekunde, na vipigo vya dume huja kadhaa ndani ya sekunde hiyohiyo. Sasa inasoma mara 500. Kipovu cha hewa kikiingia kwenye ncha ya mrija au jeli iliyomo humo ikipungua, vilele hufifia, basi kagueni kabla ya kupandikiza. Shinikizo la hewa ya chumba litolewe kwenye hesabu. Vizimba vyenye transmita za masafa mamoja vitenganishwe, la sivyo resiva husoma panya wawili kama mmoja. Kujilamba nako huleta vilele vya uongo. Ndiyo maana kuna kamera na taa nyekundu, ambayo panya haioni vizuri. Na aliyesahau kuzima kifaa kwa sumaku akala betri yetu, simtaji.

Kiasi cha mkojo kifaa hakisemi. Mizani ibaki chini ya kizimba, juu yake wavu wa kuzuia kinyesi, maana punje moja ikidondoka huhesabiwa mkojo. Kwa majike njia hii haifai. Nililisema kabla ya kununua, muhtasari upo.

Mwakani, Mungu akipenda, tunatarajia betri ya akiba ya resiva, kwani umeme ukikatika usiku rekodi hupotea, na labda chumba chenye utulivu zaidi. Yote yanategemea ada. Mhazini yupo mlangoni na kitabu cha risiti.

Mwenyekiti