Nywele bandia si anasa kwa msusi

Ndugu Mhariri,

Mwaka 2019 nywele bandia zilipowekewa ushuru wa bidhaa, asilimia 10 za ndani na 25 za nje, watu walisema hiyo ni kodi ya warembo. Mimi nina saluni ya chumba kimoja Mbagala. Kichwa kimoja cha rasta nakisimamia saa sita nzima, mwanangu kalala kwenye kanga pembeni ya draya bovu. Bei ya pakiti ikipanda, mteja anapunguza malipo ya ufundi wangu, si ya nywele. Ada ya shule inatoka hapohapo. Umeme nao! Juzi ulikatika, mteja kaondoka na rola kichwani, tukabaki kucheka. Wapanga bajeti watuulize kwanza.

Msusi,
Mbagala, Dar es Salaam