Risala ya walimu na mafundi sanifu wa maabara kwa mgeni rasmi, siku ya maonesho ya ubongo wa wanyama, Moshi

Mheshimiwa mgeni rasmi, viongozi wa elimu, wakuu wa shule, wazazi, wanafunzi wetu, itifaki imezingatiwa. Karibuni sana.

Sisi ni walimu wa baiolojia na mafundi sanifu wa maabara wa sekondari za Moshi mjini na vijijini. Mezani leo kuna ubongo wa perege, kambare, kuku, mbuzi na ng'ombe, pamoja na viinitete vya kuku, yaani vifaranga vinavyoanza kuumbwa ndani ya yai, vya saa 33, 48 na 72 tangu yai lianze kutotolewa. Tunaomba upite meza kwa meza baada ya risala hii. Kabla ya hapo, turuhusu tukueleze utakachokiona, kwa nini tunaufundisha ubongo kwa kulinganisha wanyama, na wapi tunahitaji mkono wako.

Mheshimiwa, mwanafunzi anayesoma ubongo kwa mchoro mmoja wa kichwa cha mtu hujijengea ngazi akilini: samaki chini, juu yake chura, mjusi, mbuzi, nyani, na mtu kileleni. Fikra hiyo iliwahi kupewa heshima ya kisayansi. Paul MacLean wa Marekani alieleza kwamba ubongo wa mtu ni matabaka matatu yaliyopangwa moja juu ya jingine, la mjusi likiwa chini kabisa. Ushahidi umeikataa picha hiyo. Mjusi ana ubongo wa mbele, wa kati na wa nyuma, perege anazo sehemu hizo hizo, na mtu pia. Babu wa pamoja wa perege na mtu aliishi zaidi ya miaka milioni 400 iliyopita, na tangu hapo kila ukoo umeendelea kubadilika kwa muda ule ule. Perege wa leo si mtu aliyeishia njiani. Ana ubongo uliokamilika kwa maisha ya perege.

Meza ya kwanza inalithibitisha hilo kwa samaki wawili wa bwawa moja, Nyumba ya Mungu. Ubongo wa samaki mbichi ni laini mno kushikwa, kwa hiyo kichwa kizima hulowekwa kwenye formalini, dawa ya kuhifadhi na kukaza nyama, siku 3 hadi 5, kisha paa la fuvu hukwanguliwa kwa kisu cha upasuaji, tabaka jembamba baada ya jingine, mpaka weupe wa ubongo uonekane. Anayekimbilia kuchimba kwa ncha ya kisu huondoka na vipande tu. Kwa perege, macho yatavutwa na vilima viwili vikubwa vya ubongo wa kati, vinavyopokea habari za macho, kwa sababu perege hutafuta chakula, mwenza na adui kwa kuona. Kwa kambare, vilima hivyo ni vidogo, na uvimbe umehamia nyuma, kwenye sehemu inayopokea ladha. Kambare ana jozi 4 za sharubu zilizojaa vionjaladha, naye huonja tope gizani. Bwawa ni moja, sehemu za ubongo ni zile zile, na kilichotofautiana ni ipi imekuzwa.

Sehemu hizo zinakuzwaje? Hapo ndipo yai linapoingia, nasi tunaona hakuna somo la ubongo linalolipita yai la kuku kwa bei wala kwa uwazi. Mwaka 1828 Karl Ernst von Baer aliandika kwamba wanyama wenye uti wa mgongo hufanana zaidi wakiwa viinitete kuliko wakishakua. Baadaye Ernst Haeckel alichora mfanano huo akautia chumvi, na michoro yake bado imebandikwa kwenye kuta za madarasa. Yai halina chumvi.

Mayai ya dukani hayafai kwa kazi hii, kwa sababu kuku wa mayai wa kisasa hufugwa bila jogoo. Tunanunua kwa mfugaji mwenye jogoo mmoja kwa majike wasiozidi 10. Kosa linaloharibu kazi nyingi hutokea kabla yai halijaingia kwenye mashine ya kutotolea. Kiinitete hulala joto likiwa chini ya nyuzi 21 hivi. Likipanda juu ya hapo, huanza kukua kidogokidogo bila mpangilio. Mwezi wa Januari au Februari, chumba cha kawaida hapa Moshi hufika nyuzi 30. Yai lililokaa kabatini siku tatu katika joto hilo, hata ukilitotolea kwa saa 33 kamili, halitakuonesha kiinitete cha saa 33, na mara nyingi utakuta kimekufa. Kwa hiyo tunayaweka kwenye kisanduku cha baridi, nyuzi 13 hadi 16, ncha iliyochongoka ikiwa chini, yasizidi siku 7. Friji ya nyumbani ni baridi kupita kiasi.

Ndani ya mashine joto ni nyuzi 37.5 na unyevu asilimia 50 hadi 60. Umeme ukikatika kwa saa moja na mfuniko ukabaki umefungwa, hasara ni ndogo. Hasara huletwa na mtu anayefungua kila mara kuchungulia. Saa ikifika, yai hulazwa ubavu kwa nusu saa ili kiinitete kielee upande wa juu. Ganda hupanguswa kwa spiriti, kisha kwa bomba la sindano tunavuta mililita 3 hadi 5 za ute kupitia upande butu, ncha ya sindano ikielekezwa chini isije ikatoboa kiini. Ute ukipungua, kiinitete hushuka na kuachana na ganda. Anayeruka hatua hii hukata dirisha na kuchana mishipa ya damu papo hapo. Tunabandika selotepu juu ya ganda ili vipande visidondokee ndani, tunakata dirisha kwa mkasi mdogo, na chini ya kiinitete tunapenyeza tone la wino mweusi wa kuchorea uliochanganywa na maji ya chumvi, ili umbo lijitokeze.

Kwenye saa ya 33 utaona mrija wa neva, ambao ndio utakaojenga ubongo, wenye vimbe tatu kichwani. Kutoka ubavuni mwa uvimbe wa mbele vimechomoza vifuko viwili: hayo ndiyo macho, nayo ni sehemu ya ubongo iliyotoka nje. Moyo umeanza kudunda. Kwenye saa ya 48 uvimbe wa mbele na wa nyuma umeanza kugawanyika, vimbe zinaelekea kuwa tano, na kichwa kimepinda na kugeukia ubavu. Kwenye saa ya 72 ubongo wa kati umeipita mingine yote kwa ukubwa. Ndege ni mnyama wa macho, na hesabu ya maisha yake imekwisha kuanza kuandikwa. Hatuvuki siku ya 4. Kufikia hapo mfumo wa neva bado haujaunganika kiasi cha kiinitete kuhisi maumivu.

Mheshimiwa mgeni rasmi, mrija huo huo hufungwa ndani ya tumbo la mama kufikia siku ya 28 hivi tangu mimba kutungwa, wakati wanawake wengi hawajajua kama wana mimba. Usipofungwa chini, mtoto huzaliwa na mgongo wazi. Usipofungwa juu, sehemu kubwa ya ubongo haijengeki na mtoto haishi. Ndiyo maana mikrogramu 400 za asidi ya foliki kwa siku hutakiwa kuanza kabla ya mimba. Kidonge kinachoanzwa mwezi wa tatu wa mimba kimechelewa kwa jambo hili. Tumeona binti aliyetazama mrija ukijifunga ndani ya yai haelezwi mara mbili kwa nini. Kwa faida hiyo peke yake tungeendelea na mayai.

Kuhusu vichwa vya mbuzi, kwanza usalama. Tunachukua vile tu vilivyokaguliwa na mganga wa mifugo machinjioni, kwa sababu kimeta na ugonjwa wa kutupa mimba hupita kwa njia hii. Kichwa cha mbwa au paka hakifunguliwi kamwe shuleni, kwani kirusi cha kichaa cha mbwa hukaa ndani ya ubongo. Mbega, pimbi na nyani wanalindwa na Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya 2009, hivyo tunawasoma kwa vielelezo vya plasta na picha.

Pembe huondolewa, kisha msumeno unakata paji juu kidogo ya macho na kurudi pande zote mbili hadi tundu kubwa la nyuma ya fuvu. Mfupa wa pembeni ni mwembamba, msumeno usizame. Paa likiinuliwa, utando mgumu hukatwa kwa mkasi, na neva za chini hukatwa kuanzia mbele kwenda nyuma huku kichwa kimeinamishwa ili ubongo ushuke kwa uzito wake. Dawa ni sehemu 1 ya formalini kali kwa sehemu 9 za maji, na ujazo wake uwe angalau mara 10 ya ubongo. Ubongo huning'inizwa kwa uzi uliopitishwa chini ya mishipa ya damu ya kitako chake. Ukiachwa ukae chini ya ndoo hubonyea na kubaki hivyo. Wiki mbili zinatosha. Ukitolewa mapema, nje utakuwa mgumu na katikati utakuwa umeoza. Mvuke wa formalini huwasha macho, na anayeuvuta mara kwa mara yuko katika hatari ya saratani. Ndiyo maana kazi hii hufanyika nje au penye madirisha wazi, kwa glavu, na wanafunzi hushika ubongo baada tu ya kuoshwa usiku kucha kwa maji.

Fuvu tupu nalo lina somo lake. Tunaziba matundu madogo kwa pamba, tunalijaza ulezi kupitia tundu la nyuma, tunalitikisa, tunaongeza, kisha tunamimina ulezi kwenye silinda ya kupimia. Asiyetikisa hupata jibu dogo, na kila mwanafunzi atapata lake. Tunapima mara tatu na kuchukua wastani.

Sasa, je, ubongo mkubwa ndio wenye akili? Mizani inakataa. Ubongo wa ng'ombe na wa sokwe mtu wote hukaribia gramu 400. Uwiano na uzito wa mwili nao unapotosha: ubongo wa panya mdogo una gramu 0.4 tu, lakini kwa mwili wake uwiano huo haupishani sana na wetu, ambao ni asilimia 2. Jibu zuri zaidi lilitoka Brazil mwaka 2005, pale Suzana Herculano-Houzel na Roberto Lent walipoyeyusha utando wa seli za ubongo kwa sabuni ya maabara, wakabaki na maji yenye viini vya seli vilivyochanganyika sawasawa, wakatia rangi, wakahesabu tone dogo chini ya hadubini na kuzidisha. Kwa njia hiyo, mwaka 2009 ubongo wa mtu ulipatikana kuwa na seli za neva bilioni 86 hivi, si bilioni 100 kama vitabu vingi vinavyorudia hadi leo. Bilioni 16 ziko kwenye gamba la ubongo, yaani tabaka lake la nje, na bilioni 69 kwenye ubongo mdogo wa nyuma. Tembo wa Afrika ana bilioni 257, mara tatu yetu, lakini gamba lake lina bilioni 5.6 tu, karibu zote zilizobaki ziko kwenye ubongo mdogo, na wataalamu wanauhusisha wingi huo na kazi ya kuongoza mkonga. Kunguru mkubwa wa nchi za kaskazini, mwenye ubongo wa gramu 14, ana seli za neva bilioni 2.2. Kapibara, mgugunaji wa Amerika Kusini mwenye ubongo wa gramu 76, ana bilioni 1.6. Kwa wagugunaji, ubongo ukikua seli nazo hutanuka na kula nafasi. Kwa jamii ya nyani hubaki ndogo, zikapakiwa nyingi. Ndege wamepakia kwa msongamano zaidi.

Wingi wa seli unategemea muda. Panya hutengeneza seli za neva za gamba lake kwa siku 6 hivi, tumbili wa Asia kwa siku 60 hivi. Mwaka 1995 Barbara Finlay na Richard Darlington walionesha kwamba kwa mamalia, sehemu ambazo seli zake huchelewa kuzaliwa ndizo zinazokua kupita nyingine ubongo unapoongezeka. Mageuko yameongeza muda wa kazi katika ratiba ile ile ya ujenzi.

Ushahidi wa mtu wa kale uko mlangoni petu. Nyayo za Laetoli, zilizogunduliwa 1978, zina miaka milioni 3.66, na waliozikanyaga walitembea wima wakati ubongo wa watu wa aina yao ulikuwa wa sentimita za ujazo 400 hadi 550. Zinjanthropus, fuvu la jamaa wa kale wa mtu aliyepatikana na Mary Leakey pale Olduvai tarehe 17 Julai 1959, alikuwa na 530 hivi. Sisi tuna wastani wa 1,350. Miguu ilitangulia, kichwa kikafuata baadaye sana.

Mheshimiwa mgeni rasmi, mahitaji yetu ni haya. Kubwa kuliko yote ni makubaliano na machinjio ili vichwa vichache kila muhula vitolewe vizima. Mbuzi huchanwa kwa shoka katikati na ubongo ukakatika, na mchinjaji hana kosa kwa kuwa hakuna aliyemwambia. Pili, mashine moja ya kutotolea yenye betri ya akiba itakayozunguka shule kwa zamu, na mizani inayosoma hadi gramu 0.01, kwa sababu ubongo wa samaki haupimiki kwenye mizani tuliyo nayo. Tatu, stoo moja ya formalini yenye mtunzaji mmoja, badala ya kila shule kuhifadhi chupa isiyo na lebo nyuma ya kabati. Nne, nakala za plasta za mafuvu ya Olduvai, na usafiri wa wanafunzi kwenda kwenye makumbusho iliyopo pale bondeni.

Tuko tayari kuwafundisha walimu wa wilaya nyingine hatua zote tulizozitaja. Vifaa vya siku ya leo vimeshapangwa, na mayai ya saa 33 yatafunguliwa mbele yako ukifika meza ya pili.

Tunaomba kuwasilisha.