Yule ndege wako wa hapo Kirumi

Luchelele, Mwanza

Ndugu yangu Wambura,

Salamu nyingi kutoka huku. Sisi hatujambo, ila kiangazi kimetubana. Picha zako za yule ndege uliyemwona kwenye mafunjo ya hapo Kirumi, penye daraja la Mto Mara, nimezipata na nimezikuza mpaka zikaanza kupasuka.

Huyo ndege ni kahawia, mgongo una michirizi myeusi, utosi rangi ya kutu. Kwa hayo pekee anaweza kuwa mmoja kati ya ndege wadogo wawili wa jamii moja, wanaofanana sana; nawataja kwa majina yao ya kisayansi. Wa kwanza ni Cisticola marginatus, yule tunayemwona hapa kwetu kwenye matete, kwenye majani marefu, hata kando ya majaruba ya mpunga. Wa pili ni Cisticola carruthersi, na natamani sana awe huyo, maana yeye ni wa mafunjo tu. Ukitoa mabwawa ya mafunjo ya Uganda, Rwanda, Burundi, Kongo, magharibi mwa Kenya na upande wetu huu wa ziwa, humpati popote duniani.

Kimo hakitakusaidia, wote ni kama sentimita 12 au 13. Tazama bawa likiwa limekunjwa: wa matete ana sehemu ya rangi ya kutu inayoonekana waziwazi, mwenzake hana. Wa mafunjo mkia wake ni mweusi na mdomo mwembamba zaidi. Kwenye picha zako mkia umejificha nyuma ya bua!

Lakini kuliko manyoya, mimi nataka kujua alikuwa wapi. Hukuniambia. Kama alikuwa ukingoni ng'ombe wanaposhukia kunywa, au aliruka akaingia kwenye mahindi, basi ni yule wa kawaida. Kama aliimba juu ya kichwa cha funjo, katikati kabisa, kisha akazama humo humo bila kutoka, hapo moyo wangu unadunda. Sikiliza pia kama kuna ndege mwingine, Laniarius mufumbiri, yule mwenye mgongo mweusi, kifua chekundu na utosi wa njano. Naye ni mkazi wa mafunjo, na hapo Kirumi anajulikana.

Umeandika kwamba moto umeanza kuwashwa ili watu walime bustani. Hilo limeniumiza. Mafunjo yakikatwa kwa ajili ya mikeka na kuezeka huchipua tena kutoka kwenye mizizi, na ndege akapata pa kujificha kwenye yaliyobaki. Yakichomwa na kulimwa, wa matete atahamia kwenye nyasi. Huyu mwingine hana pa kwenda. Wewe unasikilizwa hapo kijijini. Waombe wakate pembeni, kipande cha katikati wakiache.

Nenda alfajiri kabla upepo haujayatikisa mafunjo, na kwa mtumbwi, si kwa kusimama darajani. Nipigie picha ya mkia, na ya bawa kwa ubavu.

Mama anakusalimu, na dagaa wako nitampa mtu wa basi Ijumaa.

Wako,
Masanja